Kutunza Viti vya Motokari vya Ngozi Iliyopakwa Rangi Tena

Katika vijiji vya kando ya Kolwezi motokari si kitu cha kushangaza tena. Mtu anachimba, ao anauza mahindi na makaa kwa watu wa migodi, anaweka feza kidogo kidogo, kisha ananunua motokari ya zamani iliyoingia kwa njia ya Kasumbalesa. Anaitumia kwa kubeba watu na mizigo. Motokari hiyo ni shamba lake: ikizaa, watoto wanakula na kusoma; ikiharibika, nyumba nzima inalala njaa.

Mtu huyo anajua kutazama mafuta ya mashini, maji na magurudumu. Lakini viti havitazami. Anasema, kiti ni kiti tu. Baada ya kipwa kimoja rangi ya viti inabambuka kama ganda la kitunguu, abiria wanashuka na suruali zenye alama nyeusi, na mama aliyevaa kitenge kipya anachagua motokari ya mwingine. Hapo ndipo anaanza kuuliza maswali.

Utasema: mambo ya motokari yanawahusu nini watu wa mashamba? Kazi yetu ni mihogo, mahindi, mbuzi na ng'ombe. Ni kweli. Lakini ngozi ni mali ya mnyama, na asiyejua ngozi ya ng'ombe hawezi kujua kiti cha ngozi. Kwa hiyo tuanze na ng'ombe.

Ngozi ni nini

Tazama ngozi ya ng'ombe aliyechunwa sasa hivi. Juu kuna manyoya. Chini ya manyoya kuna uso mwembamba, laini, wenye vitundu vidogo mahali manyoya yanapotoka. Chini ya uso huo kuna sehemu nene ya nyuzi nyingi zilizosukwa pamoja, kama wavu wa mvuvi uliokunjwa mara nyingi. Nyuzi hizo ndizo nguvu ya ngozi. Chini kabisa kuna mafuta na vipande vya nyama, navyo hukwanguliwa.

Ngozi mbichi ukiiacha inaoza. Ukiikausha inakuwa ngumu kama ubao, na ukiilowesha tena itaoza tu. Watu wa zamani waliitia katika maji ya maganda ya miti yenye uchungu, na uchungu ule ulishika nyuzi zisioze. Viwanda vya leo hutumia zaidi chumvi ya madini inayoitwa kromi. Njia hiyo ilipata kibali cha serikali ya Marekani katika mwaka 1884, kwa jina la Augustus Schultz, na ngozi nyingi za viti vya motokari zimetengenezwa kwa kromi. Ngozi mbichi ikiwekwa katika maji ya moto wa digrii 65 hivi inajikunja na kuharibika, lakini ngozi ya kromi inastahimili karibu na maji yanayochemka. Basi ngozi yenyewe ina nguvu nyingi, na si rahisi jua ao mavumbi kuiua upesi.

Kinachokufa upesi ni rangi.

Shika neno hili, maana mengine yote yanatoka hapo. Ng'ombe porini anachomwa na miiba, anaumwa na kupe, anapigwa chapa ya moto na bwana wake. Alama hizo zote hubaki katika ngozi, na wafugaji wa Biano wanajua vizuri jinsi ngozi yenye makovu inavyopoteza bei. Kiwanda cha motokari hakitaki makovu kuonekana. Kwa hiyo hupaka juu ya ngozi rangi inayofanya utando mwembamba, na juu ya rangi utando mwingine usio na rangi wa kuilinda. Tando hizo mbili pamoja ni nyembamba kuliko karatasi. Unapokaa, hukai juu ya ngozi, unakaa juu ya rangi. Na kitambaa chako, sabuni yako na mafuta yako vinagusa rangi tu.

Rangi ya mara ya pili

Motokari ikifika kwetu imekwisha kukaliwa miaka 10 ao 15 katika nchi nyingine. Rangi ya kiwanda imechakaa, hasa ukingo wa kiti cha shofere upande wa mlango, mahali anaposugua kila anapoingia na kutoka. Muuzaji anaitoa kwa fundi, fundi anapaka rangi mpya, na kiti kinang'aa kama kipya. Hakuna ubaya katika kupaka rangi tena, kama kazi imefanywa sawasawa. Ubaya ni kwamba kazi nzuri na kazi mbaya zinafanana siku ya kununua.

Fundi mwema hutumia muda zaidi kwa kusafisha kuliko kwa kupaka. Anaosha uchafu wote, anatoa mafuta ya mwili na ya nywele yaliyoingia miaka yote ile, anasugua polepole kwa msasa laini sana, anajaza nyufa. Ndipo anapaka rangi ya ngozi, nyembamba, mara tatu ao nne, akingoja kila mara ikauke. Mwisho anapaka ule utando wa kulinda. Fundi mvivu anapangusa mavumbi tu na kupaka mara moja, rangi nene. Mwingine anachukua rangi ya nyumba ao ya mabati ya motokari. Rangi hiyo ni ngumu, haijui kukunjika. Bati halikunjiki, lakini kiti kinakunjika kila mtu anapokaa. Basi rangi ile inapasuka kama udongo wa dimbwi lililokauka.

Kwa hiyo, baba, ukitaka kununua, usione haya. Lete kitambaa cheupe chenye maji kidogo, usugue mahali pasipoonekana, chini ya kiti ao nyuma. Kitambaa kikipata rangi, ujue hakuna utando wa kulinda, ao rangi haikushika. Kisha bonyeza kwa kidole gumba na kukunja kidogo. Rangi nzuri inafuata ngozi kama ngozi ya mkono wako. Rangi mbaya inaonyesha mistari myeupe ao inavunjika. Tazama tena katika mishono: kama nyuzi za mshono zimezibwa na rangi, fundi alipaka nene. Ukiona hivyo, mwambie muuzaji kwa heshima, “Kaka, viti hivi vitahitaji kazi tena,” na mpunguziane bei kabla feza haijatoka mfukoni.

Jambo moja zaidi. Katika motokari nyingi ngozi ya kweli iko mahali unapokaa na unapoegemea tu. Pembeni na nyuma ni ngozi ya bandia, yaani plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Ukipata mahali palipopasuka, tazama chini yake: ngozi ina nyuzi nyuzi kama sufu fupi, bandia ina kitambaa kilichofumwa. Kutunza ni karibu namna moja kwa zote mbili, lakini usilipe bei ya ngozi kwa plastiki.

Kama ni wewe uliyepakisha rangi, usirudi kazini siku ileile. Rangi inakauka juu kwa saa chache, lakini ndani inaendelea kushikana siku nyingi. Acha motokari kivulini siku moja ao mbili, na kwa wiki mbili usioshe viti kwa maji, pangusa tu kwa kitambaa kikavu. Najua ni vigumu kungoja wakati abiria wanapiga mikono njiani. Lakini mahindi hayavunwi kabla ya kukauka.

Mavumbi

Sasa tufike kwa adui mkubwa. Kolwezi iko juu, karibu metre 1,400 na zaidi, na tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna. Kamio za migodi zinapita usiku na mchana, udongo mwekundu unapanda na kuingia katika kila tundu. Wengi wanafikiri udongo huu ni laini kama unga. Chukua kidogo kati ya meno utasikia: una chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi, mgumu hata kuliko chuma nyingi. Mtu akikaa juu ya kiti chenye mavumbi na motokari ikatikisika katika mashimo ya njia, ni kama anasugua kiti kwa msasa toka Kolwezi mpaka Likasi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, na kubwa kupita zote, ni kutoa mavumbi, na kuyatoa bila kuyasugua. Watu wengi wanakosa hapa. Wanachukua kitambaa kilekile walichopangusia mashini, wanasukuma kwa nguvu, na kwa kusafisha wanaharibu. Fanya hivi: kila jioni, ao angalau kila siku mbili wakati wa kipwa, chukua brosi yenye manyoya laini, ukokote mavumbi polepole toka juu kwenda chini. Anza na mishono na mikunjo, maana huko mavumbi hujificha na kukata uzi. Fungua milango yote. Kisha pangusa kwa kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, mpaka kisidondoshe tone. Geuza kitambaa mara kwa mara, usirudishe upande mchafu juu ya kiti.

Usipulize mavumbi kwa mdomo, wala usipige viti kwa fimbo kama mtu anayepiga mkeka. Neno hili si kwa ajili ya rangi tu. Katika mwaka 2018 wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitoa habari za mtaa wa Kasulo, ndani ya Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mavumbi ya nyumba na katika mkojo wa wakaaji, na kwa watoto zaidi. Motokari inayobeba wachimbaji na mifuko yao inabeba mavumbi yaleyale, na jioni watoto wako wanacheza ndani yake. Basi safisha kwa kitambaa chenye maji, ili mavumbi yashikwe yasiruke. Maji machafu uyamwage mbali na kisima na bustani ya mboga. Na nawa mikono kabla ya kushika chakula. Mfuko wa mawe usiuweke juu ya kiti hata kwa safari fupi. Mawe yana ncha, mfuko unavuja. Mahali pake ni nyuma, juu ya turubai.

Kuosha

Mara moja kwa mwezi inatosha kuosha viti kwa sabuni, ao mara mbili kwa motokari ya abiria. Kiti cha shofere na mahali pa kuegemeza kichwa panahitaji zaidi, kwa sababu jasho na mafuta ya nywele hulainisha rangi mpaka inanata.

Sabuni gani? Hapa inafaa kueleza kidogo. Ngozi ya kiwanda ina ukali mdogo wa namna ya ndimu iliyotiwa katika maji mengi. Sabuni ya mche ya kufulia nguo na sabuni ya unga zina ukali wa namna nyingine, wa majivu. Ndimu na majivu hupigana, hilo kila mpishi anajua. Sabuni ya nguo ikipita katika nyufa na kuingia ndani ya ngozi siku baada ya siku, ngozi inakuwa ngumu na rangi inaachana nayo. Tumia sabuni laini ya maji, ile wanayooshea watoto ao nywele, kiasi cha kijiko kimoja katika ndoo ndogo ya maji ya uvuguvugu. Chovya kitambaa, kamua, fanya povu, safisha mahali padogo padogo kwa kuzungusha mkono bila kukaza. Kisha kitambaa cha pili chenye maji matupu, kutoa sabuni. Kisha kitambaa cha tatu kikavu. Usimwage maji juu ya kiti. Maji yataingia kwa mishono mpaka katika sponji iliyo chini, na sponji haitakauka kwa wiki nzima.

Vitu vya kukataa ni hivi. Esanse ya motokari, petroli ya taa na dawa ya kuyeyusha rangi: hizi zinatoa doa, kweli, na rangi pamoja nalo. Pombe kali ni vilevile. Fundi anaitumia kabla ya kupaka, ndiyo maana wewe usiitumie baada ya kupaka. Javeli inaua rangi na kula uzi. Siraji ya viatu haifai: kiatu hakikai juu ya suruali ya mtu, lakini kiti kinakaliwa, na siraji yote itahamia katika nguo za abiria.

Na mafuta ya mawese? Juu ya hayo nimebishana na mashofere wengi. Wanasema, “Ngozi ya mtu ikikauka tunaipaka mafuta, basi kiti nacho tukipake.” Fikiri vizuri. Mkanda wa ngozi tupu, ao kamba ya ngozi ya kufungia mbuzi, unakunywa mafuta na kulainika; huko mafuta ni mazuri. Lakini kiti kimefunikwa kwa rangi, na rangi haina mdomo wa kunywa. Mafuta yanabaki juu, yanashika mavumbi, yanakuwa tope jekundu linalokwaruza. Kidogo kinachoingia katika nyufa kinatenganisha rangi na ngozi, na baada ya siku chache kinanuka. Kiti kinang'aa Jumamosi, Jumatatu kimekwisha kuwa kichafu kuliko mwanzo. Ukitaka kukipaka kitu, nunua dawa ya viti vya ngozi iliyo kama maziwa, inayochanganyika na maji. Paka kidogo sana, pangusa mpaka mkono usione utelezi. Kama huna feza ya dawa hiyo, acha. Kitambaa chenye maji, kila siku, kinapita dawa ya bei inayopakwa mara moja kwa mwaka.

Jua, mvua na asidi

Motokari iliyofungwa vioo na kuachwa juani ni kama tanuru. Kiti cheusi kinaweza kupita digrii 60. Ngozi ya kromi inastahimili, rangi inachoka: inapauka, inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Egesha chini ya mwembe ukipata, ukikumbuka kufunga vioo kama ndege wamelala juu yake, kwa kuwa mavi ya ndege nayo hula rangi. Kama hakuna mti, tandika kitambaa cha pamba juu ya viti na uache vioo wazi kidogo. Kitambaa hicho ukifue kwanza mara mbili ao tatu. Kitenge kipya na suruali mpya za bulu zinatoa rangi, na juu ya kiti cheupe rangi ile haitoki tena.

Wengine wanaacha plastiki juu ya viti, ili visichafuke. Wakati wa mvua plastiki hiyo inafunga unyevu chini yake, na kuvu inamea kama juu ya mahindi yaliyofunikwa mabichi. Ondoa plastiki. Kuvu ikionekana, toa motokari nje mahali penye upepo, jifunge kitambaa puani, pangusa kuvu kwa kitambaa kikavu na kukitupa, kisha osha kwa sabuni laini na kuacha milango wazi mpaka jioni.

Betri ya motokari usiiweke kamwe juu ya kiti. Ndani yake kuna asidi ileile ambayo migodi inatumia kwa kutoa shaba katika mawe, na ambayo kamio zinabeba katika njia zetu. Mwaka 2019 kamio ya asidi iligongana na magari mengine karibu na kijiji cha Kabwe, katika njia ya kwenda Lubumbashi, na watu wengi walikufa. Kwa hiyo tone la asidi likianguka ndani ya motokari, usifikiri kwanza habari za kiti. Mtu aliyeguswa avue nguo zake na kumwagiwa maji mengi, muda mrefu, kisha apelekwe kwa mganga. Kiti kioshwe baadaye kwa maji mengi, hata kama sponji italowa. Mahali palipoliwa hapaponi kwa rangi. Fundi atakata na kushona kipande kingine.

Ufa mdogo

Rangi ikianza kupasuka mahali padogo, usibandue ganda kwa ukucha. Ukivuta kipande kimoja, jirani yake anafuata. Acha kuoga kiti hicho kwa maji mengi, kipeleke kwa fundi upesi, wakati kidonda ni cha ukubwa wa sarafu. Fundi atapaka pale tu, naye atahitaji rangi ya namna ileile. Kwa hiyo siku ile ya kwanza unapopakisha viti, mwombe akuwekee rangi kidogo iliyobaki katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, na uandike juu yake siku na mwezi. Iweke ndani ya nyumba, mahali pa baridi, mbali na mikono ya watoto.